Ulizeni Jina la Zabibu

(Haya ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.)



Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaoishi mijini hatujishughulishi nalo, nalo ni jina la zabibu.

Mtu akienda sokoni kununua maembe hasemi tu, "Nipe maembe." Atauliza kama ni dodo, bolibo au sindano, na muuzaji akijaribu kumdanganya hafiki mbali. Mchele nao tunauliza umetoka Kyela au umetoka wapi. Ndizi ndiyo kabisa. Mpe Mhaya au Mchaga ndizi ya kupika mahali pa ndizi ya kuchoma uone kama mtaelewana. Lakini tukifika kwenye zabibu, na hasa kwenye mvinyo utokanao na zabibu, ndimi zetu zinakuwa nzito. Tunauliza maswali mawili tu: ni nyekundu au nyeupe, ni tamu au kali? La tatu ni bei, kisha tunafunga mkoba.

Kabla sijaendelea, niseme hili. Najua miongoni mwenu wapo ambao mvinyo haupiti mlangoni kwao kwa sababu ya dini, na wapo wasioupenda tu. Sikuja hapa kumshawishi mtu yeyote anywe. Nazungumzia kilimo na biashara, na jasho la mkulima aliyeko Dodoma, ambaye hata asiyekunywa mvinyo hana sababu ya kutaka apunjwe.

Basi tuanze na mti wenyewe. Mzabibu, kama ulivyo muhogo, haupandwi kwa mbegu. Anayepanda muhogo hukata pingili akaichomeka ardhini, na muhogo utakaoota utakuwa ni ule ule aliouacha shambani kwa jirani. Mzabibu ni vivyo hivyo. Ukikata kijiti cha mzabibu ulioupenda ukakipanda, unapata mti ule ule, wenye tunda lile lile na tabia zile zile. Ukipanda kokwa ya zabibu, utapata mtoto, na mtoto si mzazi. Anaweza kuwa mtamu, anaweza kuwa mkali kama siki, na mara nyingi hafai. Ndugu wa tumbo moja hawafanani, sembuse mizabibu.

Kwa hiyo jina la zabibu ni zaidi ya kibandiko cha chupa. Jina ni kama hati ya ukoo. Mtu akisema hii ni Cabernet Sauvignon, anasema kwamba mti huu ulitoka kwenye kijiti, kilichotoka kwenye kijiti kingine, nyuma na nyuma karne kwa karne, hadi kwenye mti mmoja wa kwanza ulioota huko Ufaransa. Mwaka 1997 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, mama Carole Meredith na mwenzake John Bowers, walitangaza wazazi wa mti huo kwa kupima vinasaba, kipimo kile kile kinachotumika mahakamani watu wanapogombania mtoto. Wakakuta kwamba zabibu hii nyekundu, iliyo maarufu kuliko nyingi duniani, ni mtoto wa Cabernet Franc ambayo ni nyekundu, na Sauvignon Blanc ambayo ni nyeupe. Hakuna mtu aliyewafungisha ndoa. Upepo na bahati vilifanya kazi hiyo katika shamba fulani zamani, na mkulima mwenye macho akaona mche mgeni akautunza.

Ipo nyingine iitwayo Syrah, ambayo Australia na Afrika ya Kusini huiita Shiraz. Wasikilizaji wa pwani watalisikia jina hilo kwa masikio mawili. Kwa muda mrefu palikuwa na hadithi kwamba zabibu hiyo ilitoka mji wa Shiraz huko Uajemi, ikaletwa Ufaransa na mtu aliyerudi kutoka vitani. Ni hadithi nzuri, lakini kipimo cha vinasaba kiliizima mwishoni mwa miaka ya 1990. Wazazi wote wawili wa Syrah wakaonekana ni zabibu za Ufaransa hapo hapo, Dureza na Mondeuse Blanche, ambazo hata Wafaransa wengi hawazijui. Hivyo mtoto maarufu ametoka kwa wazazi wasiojulikana, jambo ambalo hata kwa wanadamu tunaliona kila siku.

Mtu anaweza kuniuliza, "Sasa hayo yananihusu nini? Jina likipotea, si mvinyo utanyweka tu?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko Chile.

Katikati ya karne ya 19 matajiri wa Chile waliagiza vijiti vya mizabibu kutoka Bordeaux, Ufaransa. Miongoni mwake palikuwa na zabibu iitwayo Merlot, na nyingine iitwayo Carmenère. Miaka michache baadaye, katika miaka ya 1860, mdudu mdogo sana kutoka Marekani, aitwaye filoksera, aliingia Ufaransa akaanza kula mizizi ya mizabibu. Mashamba yalikauka mkoa kwa mkoa. Dawa iliyopatikana mwishowe ilikuwa ni kuchukua shina la mzabibu wa Kimarekani, ambao mizizi yake humvumilia mdudu huyo, na kuunganisha juu yake kijiti cha mzabibu wa Kifaransa, kama wakulima wetu wanavyobebesha michungwa. Mashamba yakapandwa upya, lakini Carmenère ikaachwa nyuma kwa kuwa ilikuwa msumbufu, na huko Bordeaux ikakaribia kutoweka.

Wakati huo huko Chile, ambako mdudu yule hakufika, Carmenère ilikuwa inaendelea kuishi katikati ya Merlot, hakuna aliyeitambua. Majani yanafanana, vichala vinafanana. Wachile wakaziita zote Merlot, wakazivuna pamoja, wakazisindika pamoja. Mpaka mwaka 1994, mtaalamu wa mizabibu kutoka Ufaransa, Jean-Michel Boursiquot, alipotembelea shamba moja, akatazama maua na majani, akasema: hii si Merlot, hii ni Carmenère.

Sikilizeni sasa hasara ya kutojua jina. Carmenère huiva majuma kadhaa baada ya Merlot. Mtu akizivuna siku moja, ama Merlot imepitiliza, ama Carmenère bado mbichi. Na Carmenère ikiwa mbichi ina harufu ya pilipili hoho. Kwa miaka mingi wanywaji wa ng'ambo walikuwa wakishangaa kwa nini Merlot ya Chile inanukia hoho, na wapo waliodhani ni udongo wa Chile. Udongo haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kumwita mtu kwa jina la jirani yake na kumtaka aamke saa ile ile anayoamka jirani. Baada ya kuzitenganisha, wakaiacha Carmenère mtini hadi iive, na leo Chile inaiuza kwa jina lake yenyewe na kujivunia.

Hapo ndipo tunapoona kazi ya mtengeneza mvinyo. Wengi wetu tunadhani mvinyo unatengenezwa kiwandani. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa imekwisha kutengenezwa shambani, na fundi aliyeko kiwandani kazi yake kubwa ni kujua amepokea nani.

Fundi akipokea zabibu, jambo la kwanza analopima ni sukari. Hamira hula sukari na kuigeuza kileo. Lita moja ya mchuzi wa zabibu yenye gramu 200 za sukari itatoa mvinyo wenye kileo cha kiasi cha asilimia 12. Sukari ikiwa kidogo, mvinyo utakuwa mwepesi na hautakaa. La pili ni ukali, yaani ule uchachu unaofanya mate yatoke. Zabibu inapozidi kuiva, sukari hupanda na uchachu hushuka, na katika nchi ya joto uchachu hushuka upesi sana. Mvinyo usio na uchachu ni kama mchuzi usio na ndimu. Unanyweka, lakini umelala.

Ndiyo maana jina lina maana. Chukueni Chenin Blanc, zabibu nyeupe ya bonde la mto Loire huko Ufaransa. Sifa yake kubwa ni kwamba hata kwenye joto haitupi uchachu wake haraka. Ndiyo sababu imestawi sana Afrika ya Kusini, ambako kwa karne nyingi iliitwa Steen, na ilikuwa miaka ya 1960 ndipo ilipothibitishwa kwamba Steen na Chenin Blanc ni mtu mmoja. Fundi akiwa na Chenin anaweza kufanya mvinyo mkavu, au mtamu, au wenye mapovu, kwa sababu uti wa mgongo upo. Akiwa na zabibu nyeupe inayolegea kwenye joto, hana budi aivune mapema, na akiivuna mapema anakosa harufu.

Kwa zabibu nyekundu jambo kubwa ni ganda. Kamua zabibu nyekundu uone. Maji yake mara nyingi ni meupe. Rangi iko kwenye ganda. Wafaransa wa Champagne hutengeneza mvinyo mweupe kwa zabibu nyekundu ya Pinot Noir kwa kuikamua upesi na kuondoa maganda. Anayetaka mvinyo mwekundu huacha mchuzi uchache pamoja na maganda, akichovya na kukoroga kwa siku kadhaa. Lakini ganda halitoi rangi peke yake. Linatoa pia ukakasi, ule tunaoujua kwa mtu aliyetafuna ndizi mbichi. Ukakasi kidogo unaupa mvinyo mwili na maisha marefu. Ukakasi mwingi unafunga mdomo. Zabibu yenye ganda nene na punje ndogo, kama Cabernet Sauvignon, inataka mkono mwepesi na subira, pengine mwaka au zaidi katika mapipa ya mwaloni. Fundi anayeziendesha zabibu zote kwa saa moja na joto moja ni kama mpishi anayechemsha maharage na mchicha katika sufuria moja kwa muda ule ule.

Na joto lenyewe ni mtihani. Mchuzi unapochacha unajipasha moto. Mvinyo mweupe unataka uchache polepole kwenye ubaridi wa nyuzi kama 12 hadi 18, mwekundu unaweza kwenda nyuzi 25 hata 30. Ukipita 35 hamira huanza kufa kabla ya kumaliza sukari, na bakteria wa siki wanangoja mlangoni. Kwa hiyo katika nchi kama yetu, mvinyo mzuri unahitaji umeme wa kupoozea matangi, na zabibu zilizovunwa alfajiri, si zile zilizoshinda juani juu ya lori.

Pengine mtasema, hayo ni ya wakubwa, Waafrika tuna nini? Tunacho. Mwaka 1925 profesa mmoja wa Stellenbosch, Afrika ya Kusini, Abraham Izak Perold, alichukua chavua akazalisha Pinot Noir na Cinsaut, ambayo siku hizo kule waliiita Hermitage. Pinot Noir ni tamu lakini mgonjwa mgonjwa, Cinsaut ni ngumu na inazaa sana. Akapata kokwa nne, akazipanda kwenye bustani ya nyumba aliyokuwa akikaa. Kisha akahama kazi, na bustani ikaota magugu. Watu walipokwenda kusafisha, nusura miche ile ing'olewe pamoja na majani. Mwalimu kijana aliyekuwa akipita, Charlie Niehaus, ambaye alijua ni miche ya nini, akaiokoa. Zabibu hiyo ndiyo Pinotage. Chupa ya kwanza yenye jina hilo iliingia sokoni mwaka 1961, na leo ni zabibu ambayo Afrika ya Kusini inaweza kuiita yake. Tazameni basi: kati ya zabibu kuwapo na kutokuwapo, palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua jina.

Sasa turudi nyumbani, Dodoma.

Historia ya zabibu Dodoma inahusishwa na wamisionari, na Bihawana ndiko kunakotajwa sana. Leo zabibu hulimwa katika vijiji vingi vya mkoa huo, kuanzia Hombolo hadi Chinangali huko Chamwino. Nchi ile ni kavu, mvua yake ni ya miezi michache, na mahindi huko ni bahati nasibu. Mzabibu una mizizi inayokwenda chini kutafuta maji, basi ukakubali. Tena ukatoa zawadi ambayo Ulaya hawana. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma, ulioko mita zaidi ya 1,000 juu ya usawa wa bahari lakini karibu na ikweta, hakuna baridi ya kuulaza. Unaamshwa na mkasi. Mkulima akipogolea, mti unachipua upya, na ndiyo maana Dodoma huvunwa mara mbili, karibu na mwezi wa Februari na Machi, na tena mwezi wa Agosti na Septemba. Mavuno ya wakati wa mvua yanasumbuliwa na ukungu na ubwiri. Yale ya kiangazi, usiku unapokuwa na ubaridi, ndiyo yenye zabibu safi zaidi.

Na jina lipo. Zabibu nyekundu inayolimwa sana Dodoma inaitwa Makutupora, kwa jina la mahali palipo na kituo cha utafiti wa zabibu, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI. Punje zake si kubwa, ni nyeusi, na imezoea jua na udongo wa huko. Pamoja nayo ipo Chenin Blanc kwa upande wa nyeupe, na Syrah, na nyingine zilizoletwa baadaye. Kwa hiyo hatuanzi na mikono mitupu. Tunayo zabibu yenye jina letu, na tunazo wageni wanaojulikana dunia nzima.

Mwaka mmoja, mwezi wa Agosti, nilisimama pembeni mwa shamba huko Hombolo nikizungumza na mzee mmoja wa Kigogo. Nilimsalimu, akaitika, akanikatia kichala nionje. Nikamwuliza, "Mzee, kwa nini umepanda hii na si ile?" Akasema, "Mwanangu, kupanda mzabibu ni kuoa. Mahindi ukikosea, mwakani unabadili. Huu nikiupanda nakaa nao miaka ishirini na zaidi. Unakula mbolea yangu, unakula nguzo na waya wangu, na miaka miwili ya kwanza haunipi kitu cha maana. Kwa hiyo sikupanda kwa kubahatisha."

Nikamwuliza bei. Hapo akanyamaza kidogo, kisha akaniambia habari ambayo sijaisahau. Alisema, "Mimi na jirani yangu tulipeleka mzigo siku moja kwa mnunuzi mmoja. Jirani alimwagilia maji shamba lake juma zima kabla ya kuvuna, zabibu zimevimba kama zimeumwa na nyuki. Mimi nilikuwa nimefunga maji mapema kama tulivyofundishwa, zangu ndogo, lakini ukizishika zinanata vidole kwa utamu. Tukafika kwenye mizani. Mizani ikampa yeye fedha nyingi kuliko mimi. Nyeupe na nyekundu zikaingia gari moja, aina hii na aina ile. Pale zote zinaitwa zabibu."

Nikamwuliza, "Ukafanyaje, mzee?" Akacheka. "Msimu uliofuata na mimi nikafungulia maji."

Ndugu wasikilizaji, mzee yule si mvivu wala si mlaghai. Amesoma kitabu alichowekewa mbele. Maadamu zabibu inanunuliwa kwa uzito peke yake, mkulima atauza uzito, na uzito ulio rahisi kuliko wote ni maji. Maji yale yakifika kiwandani, sukari imepungua, rangi imepauka, harufu imekimbia. Fundi hata angekuwa amesomea Bordeaux, atafanya nini? Ataongeza sukari, atatengeneza mvinyo mtamu wa kuficha kasoro, atauuza kwa bei ya chini. Na kwa kuwa anauza kwa bei ya chini, kesho atamwambia mkulima kwamba hawezi kuongeza bei. Tunazunguka kama ng'ombe wa kukamua alizeti.

Sisemi kwamba mvinyo mtamu ni mbaya. Ipo mivinyo mitamu duniani inayouzwa kwa bei kubwa kuliko mikavu, na huku kwetu watu wengi wanapenda utamu. Hilo ni la mdomo wa mtu na sina ugomvi nalo. Ninachosema ni kwamba utamu uwe ni chaguo, usiwe ni blanketi.

Wapo wanaosema tatizo la Dodoma ni soko, kwa kuwa mara kwa mara tumesikia wakulima wakilia kwamba zabibu zinaoza shambani. Ni kweli, na wenye umri wanakumbuka ilivyokuwa kiwanda cha umma cha DOWICO kilipokufa, na watu wakaiacha mizabibu ikakauka. Zabibu ikishaiva haingoji mkutano. Ndiyo maana nakubaliana na wanaotaka viwanda vidogo vya kukamua na matangi ya kuhifadhia mchuzi vijijini, ili mkulima asilazimike kuuza tunda linalomwozea mkononi. Mchuzi uliohifadhiwa vizuri unaweza kungoja bei, tunda haliwezi. Lakini hata matangi hayo, ikiwa yatamwagiwa kila kitu pamoja, yatatupa mchuzi usio na jina, na mchuzi usio na jina utauzwa kwa bei ya kitu kisicho na jina.

Nchi nyingine zimeliweka jambo hili katika sheria. Katika Umoja wa Ulaya huwezi kuandika jina la zabibu kwenye chupa kama angalau asilimia 85 ya mvinyo huo haikutoka kwenye zabibu hiyo. Marekani kwa kawaida ni asilimia 75. Sisi tunayo hatua moja nzuri. Sheria yetu ya ushuru wa bidhaa hutenganisha mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini, na huutoza kiwango cha chini kuliko mvinyo mwingine. Hapo serikali imeuliza zabibu imelimwa wapi. Ni swali la msingi, nami naliunga mkono. Ninachotaka ni tuongeze swali la pili: ni zabibu gani?

Swali hilo likiulizwa kwa dhati, mambo matatu yatafuata. Kwanza, mnunuzi atalazimika kupokea Makutupora mbali, Chenin mbali, Syrah mbali, kama anayetaka kuandika jina kwenye chupa anavyolazimika. Pili, penye mizani patawekwa na kipimo cha sukari. Kipimo hicho ni chombo kidogo. Unadondoshea tone moja la maji ya zabibu, unachungulia kwenye mwanga, unasoma. Si mtambo wa kutungoja wafadhili. Mkulima anayeleta zabibu tamu alipwe zaidi kwa kilo, na anayeleta maji alipwe bei ya maji. Tatu, kijana anayetaka kupanda ekari yake ya kwanza atajua apande nini, kwa sababu bei itamwambia, naye ataweza kuingia katika ile ndoa ya miaka ishirini akiwa ameona uso wa mwenzake.

Na sisi wa mjini tuna sehemu yetu, tena si ndogo. Mwenye duka huleta kile kinachoulizwa. Ukiingia dukani ukakuta chupa imeandikwa "mvinyo mwekundu" basi, muulize muuzaji: ni wa zabibu gani? Mara ya kwanza atakuangalia kama mtu anayetafuta ugomvi. Wakiuliza watu kumi, atamwuliza aliyemletea. Aliyemletea akiulizwa na maduka kumi, atamwuliza mwenye kiwanda. Na mwenye kiwanda, ili aweze kujibu, hana budi aende kumwuliza mzee wa Hombolo. Hata usiyekunywa, unayenunua zabibu za kula pale kituo cha mabasi Dodoma ukiwa safarini, uliza. Zabibu ya mvinyo ina kokwa na ganda gumu, haikuzaliwa kushindana na zile kubwa zisizo na kokwa zinazokuja kwa ndege. Usiitukane kwa kuwa si ile. Ina kazi yake.

Wengine watasema jina la Makutupora ni geni mno kwa soko la dunia, afadhali tung'oe tupande Cabernet kama wenzetu. Sikatai wageni wapandwe mahali wanapostahimili. Lakini Cabernet inalimwa kila pembe ya dunia, na duka la London halina haja ya Cabernet nyingine kutoka kwa mtu asiyejulikana. Wachile walipata heshima kwa zabibu ambayo wengine waliitupa. Afrika ya Kusini inajulikana kwa zabibu iliyonusurika kwenye magugu. Sisi tunayo iliyozoea ukame wa Ugogo, na dunia inazidi kupata joto. Kabla ya kuing'oa, tuivune ikiwa imeiva, tuisindike peke yake, kwenye ubaridi, kwa usafi, tuone inasema nini. Mtu hahukumiwi kabla hajapewa nafasi ya kusema.

Embe tunalijua kwa jina, na ndiyo maana muuzaji wa maembe hawezi kutuchezea. Siku tutakapoijua zabibu kwa jina, mzee yule wa Hombolo atafunga tena maji yake majuma mawili kabla ya mavuno, kwa kuwa atakuwa anajua kwamba utamu alioulinda una mtu wa kuupima na mtu wa kuulipia.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.